Heshima ya Mlango Uliofungwa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Exetat yanapotangazwa, na vijana wa Bujumbura wakawa wanangoja kujua watapangiwa kitivo gani, huzuka katika baraza za mtaa wa Buyenzi mjadala ambao nimeusikia kwa miaka mingi bila ya kuchoshwa nao, kwa kuwa kila kizazi huuanza upya kana kwamba haujapata kusemwa: je, Chuo Kikuu cha Burundi kingali na hadhi, au hadhi yake imesalia katika kuta za kampasi yake ya Mutanga na katika kumbukumbu za wazee waliopita hapo? Huyu atasema kwamba mwanawe atampeleka katika chuo cha watu binafsi, Lumière au Hope Africa, maadamu huko masomo hayakatizwi na migomo. Yule atasema kwamba mwenye uwezo humpeleka mtoto Kampala. Na kijana mmoja ambaye muda wote alikuwa kimya, simu mkononi, atawaonyesha jamaa orodha ya vyuo elfu moja itolewayo Shanghai kila mwaka, ambamo jina la chuo chetu halimo. Hapo baraza nzima huinamia vikombe vyake vya kahawa, mfano wa watu waliosomewa hukumu ya kadhi. Lakini kadhi mwenyewe ni nani, ametawazwa na nani, na sheria anayoifuata iliandikwa kwa ajili ya kesi ya nani, hayo sijasikia mtu akiyauliza.

Basi tuanze na kadhi. Desturi ya kuvipanga vyuo vikuu daraja kwa daraja, wa kwanza hata wa mwisho, ilienezwa na gazeti moja la Marekani, U.S. News & World Report, ambalo mwaka 1983 liliwauliza wakuu wa vyuo ni vyuo vipi wanaviona kuwa bora, kisha likayachapa majibu yao, nalo likanunuliwa kama mkate wa moto. Miaka 20 baadaye, mwaka 2003, wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong mjini Shanghai, wakiwa na haja ya kujua vyuo vya China viko umbali gani nyuma ya vile vya Marekani, walitunga mizani yao, ambayo baada ya marekebisho ikawa hivi: sehemu 10 katika mia kwa wahitimu waliopata Tuzo ya Nobel na nishani kubwa ya hisabati, 20 kwa walimu walioipata, 20 kwa watafiti wanaotajwa mno na wenzao, 20 kwa makala zilizochapwa katika majarida mawili tu, Nature na Science, 20 kwa makala zilizoorodheshwa katika faharasa za kimataifa, na 10 zilizobaki kwa kuyagawa hayo yote kwa idadi ya walimu. Msomaji ataona kwamba katika mia hiyo hakuna hata sehemu moja inayouliza kama mwanafunzi alifundishwa. Nao Waingereza, kwa mizani waliyoizindua mwaka 2004 na baadaye kugawanyika ikawa miwili, walitia mkazo katika sifa, yaani kuwauliza wasomi wa dunia ni vyuo vipi wanavisifu. Na katika mmoja wa mizani hiyo, ule wa QS, maoni hayo yalichukua kwa miaka mingi sehemu 40 katika mia. Sasa mtu aulizwaye ataje nini ila jina alilokwisha kulisikia, na jina litasikika vipi ila kwa kutajwa?

Siwalaumu watu wa Shanghai. Walikuwa na swali lao, wakalitafutia kipimo kinacholifaa, na jibu walilipata. Kosa ni letu sisi tulioazima kipimo tukasahau swali. Katika soko la samaki la mji huu, mukeke huuzwa mmoja mmoja, mnunuzi akimgeuza na kumtazama jicho, na ndagala huuzwa kwa fungu au kwa kopo. Na mtu ambaye angezihesabu ndagala moja moja, kisha akatangaza kwamba hakuna hata moja iliyofikia ukubwa wa mukeke, angekuwa amesema kweli tupu, ila asingekuwa amesema lolote juu ya kitoweo kinacholisha mji.

Na huko Marekani kwenyewe, ambako ndiko desturi hii ilikoanzia, watu hawajaafikiana. Vyuo vikuu vingi vya umma vya nchi ile vilitokana na sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln mwaka 1862, iliyoyagawia majimbo ya shirikisho ardhi ili kwa thamani yake yasimamishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa wakulima na wa mafundi, watu ambao vyuo vya zamani vya matajiri havikuwa na nafasi yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Lakini tazama mjadala unavyokwenda leo: Wamarekani hubishana Berkeley kipo juu ya UCLA au chini yake, Michigan kinakipita Virginia au kinapitwa, na tangu mwaka 1985, mwandishi aitwaye Richard Moll alipovibatiza vyuo kadhaa vya umma jina la kuvifananisha na vile vinane vya fahari vya kaskazini-mashariki, imekuwa ni sifa kwa chuo cha umma kuambiwa kwamba hakifanani na chuo cha umma. UCLA, ambacho huwekwa mara kwa mara katika safu ya kwanza kabisa ya vyuo vya umma, hupokea kwa mwaka maombi zaidi ya 140,000 na kukubali takriban 9 katika kila mia. Wengine wote, wakiwamo waliosoma kwa bidii katika skuli za umma na ambao wazee wao hulipa kodi ile ile, huandikiwa barua ya kutakiwa heri. Na barua hizo, kinyume na dhana ya mtu wa kawaida, ndizo zinazokitukuza chuo. Hata hadi mwaka 2018 gazeti lile lilikuwa likihesabu idadi ya waliokataliwa kuwa ni sehemu ya ubora, na ijapokuwa limeiondoa hesabu hiyo, fikira yake haikuondoka vichwani mwa watu.

Insafu inataka nitaje kwamba California iliwahi kulitafutia jambo hili mpango wa busara. Mwaka 1960 jimbo hilo lilipanga kwamba thuluthi ya juu ya wahitimu wa sekondari wawe na haki ya kuingia vyuo vya jimbo, na katika hao, sehemu ya nane iliyo bora kabisa waweze kuingia Chuo Kikuu cha California chenyewe, ilhali vyuo vya jamii viwapokee wote wanaotaka, na aliyeanzia huko aweze kuhamia juu. Mlango ulikuwa mwembamba, walakini ubavuni mwake palikuwa na milango mingine yenye ngazi. Kadhalika Chuo Kikuu cha Arizona State kiliandika katika hati yake ya msingi kwamba kisipimwe kwa watu kinaowatenga bali kwa kinaowapokea na kwa jinsi watu hao wanavyofanikiwa, maneno ambayo kila mtu huyasifu na kisha akaendelea kuitazama orodha kama zamani. Na ikiwa mtu angali anadhani kwamba mizani yenyewe ni amini, na akumbuke mwaka 2022, pale mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Michael Thaddeus, alipozichunguza takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kikilipelekea gazeti, akaziona hazisimami. Columbia kilichokuwa cha pili kikajikuta cha 18. Majengo yalikuwa yale yale, na walimu wale wale.

Nimezunguka mbali, nami narudi nyumbani, kwani nadhani habari ya Marekani inatufumbulia jambo la kwetu ambalo kwa kulizoea hatulioni. Heshima ambayo wazee wa Buyenzi huililia, ile ya Chuo cha zamani, nayo pia ilikuwa heshima ya mlango uliofungwa.

Kabla ya uhuru, njia ya mwana wa Urundi aliyetaka kupanda juu ilipitia Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare, katika skuli iliyoanzishwa mwaka 1929 na mabruda wa Kibelgiji kwa ajili ya kuwafunza makarani na wasaidizi wa serikali ya Ruanda-Urundi. Humo ndimo Mwanamfalme Louis Rwagasore alimosoma kabla ya kwenda Ubelgiji, na waliopitia humo waliitwa Indatwa, yaani watu wa kujivunia, jina ambalo lenyewe linatosha kueleza siri ya skuli ile: walikuwa wachache. Vyuo vikuu vilikuwa Kongo, Lovanium karibu na Léopoldville tangu 1954 na chuo cha serikali Élisabethville tangu 1956. Urundi haikuwa na kitu ila matawi na taasisi ndogondogo, baadhi zikiendeshwa na mapadri wa Kijesuiti. Nchi mbili zilipotengana kwa uhuru wa Julai 1962, kila moja ilitaka chuo chake. Rwanda ikafungua chake Butare mwaka 1963, nasi mwaka 1964 tukapata Chuo Rasmi cha Bujumbura, kilichoundwa kwa kuziunganisha taasisi zile, na ambacho katika miaka ya 1970, baada ya kumezwa ndani yake skuli ya juu ya ualimu na ile ya utawala, kilichukua jina la Chuo Kikuu cha Burundi. Baadaye hata chuo cha Wajesuiti kilichokuwa juu ya kilima cha Kiriri, kikiutazama mji na ziwa lote chini yake, kikawa kampasi.

Hicho ndicho chuo ambacho mwanafunzi wake, ajapo nyumbani kwa likizo, alipishwa kiti na watu wazima. Alikuwa na buruse, alikuwa na chakula bwenini, na kazi ya serikali ilimngoja kama mchumba aliyekwisha kutolewa mahari. Lakini tuseme bayana ni kwa nini alikuwa mmoja kati ya maelfu. Si kwa ilimu peke yake. Skuli za sekondari zilikuwa chache, na katika nchi iliyogawanywa kwa kabila, kupita au kutopita katika mlango ule hakukuwa jambo la mitihani tu. Mwaka 1972, katika mauaji ambamo Wahutu waliosoma walisakwa kwa ajili ya kusoma kwao, wanafunzi wa Chuo walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa wasirudi, na wengine wakakimbilia nje; na mwezi wa Juni 1995, katika vita vilivyofuata, wanafunzi Wahutu waliuawa usiku katika kampasi ya Mutanga. Mzee anayesema kwamba zamani Chuo kilikuwa na hadhi husema kweli, ila na atazame pia nani walikuwa nje ya lango, na ni nani waliokuwa ndani wakatolewa. Hakuna orodha ya Shanghai wala ya London yenye safu ya kuandikia hayo, na kama ingelikuwapo, sijui Chuo kingepewa daraja gani katika mwaka wake wa fahari.

Kisha mlango ukafunguka, na haukufunguliwa kwa adabu. Mwaka 1999 kikaanza Chuo Kikuu cha Ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikafuata Lumière na cha Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 Hope Africa, kilichokuwa kimeanzia Nairobi, kikahamia Bujumbura. Na baada ya hapo vyuo vya watu binafsi vikaota kama uyoga baada ya masika, vingine ndani ya nyumba ambazo juzi zilikuwa maduka. Chuo cha umma nacho kikapokea umati ambao majengo yake hayakujengewa. Mwaka 2011 ikaja sheria iliyoleta mfumo tunaouita BMD, wa shahada ya kwanza, ya umahiri na ya udaktari, ili shahada zetu zifanane na za majirani na za Ulaya. Wanafunzi wakajikuta wanamaliza mwaka mmoja wa masomo katika miaka miwili. Mwaka 2017 buruse, ambayo tangu enzi na dahari ilikuwa ni zawadi ya dola, ikageuzwa kwa amri ya rais kuwa mkopo wa kulipwa, wanafunzi wakagoma, na baadhi ya viongozi wao wakatiwa ndani.

Na kabla ya hapo ulikuwapo mwaka 2015. Mwishoni mwa Aprili, maandamano yalipowaka mjini, serikali ilikifunga Chuo na wakaao mabwenini wakaamriwa watoke. Mamia kati yao, wasioweza kurudi mikoani au walioogopa kurudi, walikwenda na magodoro na mabegi yao kulala nje ya ubalozi wa Marekani, wakakaa hapo wiki baada ya wiki, hata mwezi wa Juni, polisi walipowajia, wakapenya chini ya lango na juu ya ukuta hadi katika maegesho ya magari ya ubalozi. Sijui kinaya kikubwa kuliko hicho: vijana wa chuo kisicho na daraja wakitafuta amani katika kivuli cha taifa lililotufundisha kupanga madaraja. Mtu anayetaka kujua chuo cha umma ni kitu gani kwa mtoto wa mkulima wa Cankuzo, na azingatie kwamba bweni lilipofungwa hakuwa na nyumba nyingine mjini.

Sasa nije kwa yale ambayo mizani haiyachukui. Huko Kamenge ipo hospitali ya Chuo, inayoitwa kwa jina la Mfalme Khaled wa Saudia, ambamo wanafunzi wa udaktari hujifunza kwa wagonjwa wanaolala humo. Daktari mhadhiri anayeanza siku kwa kuzunguka wodi na kuimaliza kwa kusahihisha mitihani, makala ya Nature ataiandika saa ngapi? Watoto aliowatibu malaria hawaandikwi katika faharasa yoyote. Katika historia kadhalika: Émile Mworoha, mwanazuoni wa Chuo hiki, alitoa mwaka 1977 kitabu juu ya watu na wafalme wa Afrika ya maziwa ambacho mtafiti wa eneo hili hawezi kukiruka, na Mfaransa Jean-Pierre Chrétien, aliyefundisha Bujumbura katika miaka ya 1960, alichota hapa maarifa aliyokuja kujengea jina lake Paris. Lakini Mworoha aliandika kwa Kifaransa, na aliandika kitabu, ilhali mizani hupenda makala, na makala kwa Kiingereza. Chuo kinachofundisha kwa Kifaransa, ambacho wanafunzi wake huota kwa Kirundi na hununua mandazi kwa Kiswahili, kimeshapoteza nusu ya mbio kabla ya kufunga viatu.

Majirani zetu hutuzidi katika orodha hizo, na Makerere aghalabu hutangulia eneo zima. Wala si haki kusema kwamba ni kwa sababu ya lugha tu. Makerere kimekuwapo tangu 1922, kimemsomesha Nyerere na Obote na Kibaki na Mkapa, na kina walimu wengi wanaotafiti. Hata hivyo nacho kina kisa chake cha mlango: tangu mwaka 1992 kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na kikaongezeka kwa kasi hata mwanazuoni Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, akalalamika kwamba soko limeingia darasani na vitivo vinanyang'anyana wateja. Kumbe kuna kufungua mlango kwa umma na kuna kuufungua kwa fedha, na mtazamaji wa mbali huona mlango wazi tu, asijue upi ni upi. Chuo cha Dar es Salaam nacho ni mfano wa aina nyingine. Kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika nyumba ya kuazima. Na chini ya miaka 15 baadaye, mwanahistoria Walter Rodney akiwa amefundisha hapo na kitabu chake juu ya Ulaya na unyonge wa Afrika kikiwa kimetoka mwaka 1972, jina la chuo kile lilijulikana toka Georgetown hata Maputo. Wakati huo hapakuwa na jedwali la daraja duniani. Sifa ilikwenda kwa miguu ya watu waliotoka pale wakiwa na jambo la kusema.

Nakiri kwamba hoja hii ina hatari yake, nayo ni kumpa kila mzembe blanketi la kujifunikia. Mkuu wa chuo ambaye maktaba yake haina kitabu cha miaka hii, na ambaye walimu wake wanafundisha katika vyuo vinne kwa wiki ili wapate kula, atafurahi kuambiwa kwamba mizani ya dunia ni ya dhuluma. Ni ya dhuluma, na maktaba ni tupu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa likijitahidi kuweka viwango vya pamoja, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ambamo shahada ya Bujumbura itambulikane Dodoma na ya Eldoret itambulikane Gitega. Hiyo ni kazi yenye faida kuliko daraja, maana kiwango huuliza kama mwanafunzi amefundishwa kilichoahidiwa, na hakiulizi ni wangapi waliachwa nje.

Kwa hiyo kijana wetu mwenye simu namwachia orodha yake, kwani kwa mtu mwenye nauli ya kwenda ng'ambo ina manufaa. Ila kwa anayebaki, yako maswali mengine: katika kila mia waliopangiwa Mutanga na Kiriri wakitokea Makamba, Ruyigi na Cankuzo, ni wangapi waliofika mwisho, shahada ya miaka mitatu iliwachukua miaka mingapi, maktaba ilikuwa wazi saa ngapi kwa siku, na katika madaktari waliotoka Kamenge, wangapi wangali wanatibu ndani ya nchi. Hesabu ya mambo hayo haihitaji mtu wa Shanghai. Huanzia katika daftari la usajili, ambamo jina la kila aliyeingia liliandikwa kwa wino siku alipofika na sanduku lake, na mbele ya jina iliachwa nafasi ya kuandika siku aliyotoka.